AC ya Gari la Zamani: Tafuta Panapovuja Kabla ya Kujaza Gesi

Gari langu lilitoka kiwandani mwaka 1996, na ndani ya miezi kumi na minne lilijazwa gesi ya AC mara tatu. Kila mara baridi ilirudi, nikafunga vioo na kufurahi, na kila mara majuma machache baadaye upepo ukarudi kuwa vuguvugu. Mara ya nne nilimpata fundi mmoja mtu mzima ambaye hakugusa kabisa mtungi wa gesi. Alichuchumaa mbele ya gari, akapitisha kitambaa cheupe chini ya kiungo cha bomba kwenye kondensa, akakigeuza nione. Kilikuwa na tope jeusi lenye mafuta. Akapaka povu la sabuni, tukasubiri. Baada ya kama nusu dakika kikatokeza kiputo kimoja, kidogo kama punje ya mtama, kikavimba taratibu, kikapasuka, kikafuata kingine. Ugonjwa wote ulikuwa kwenye oringi, kile kipete cha mpira kisichozidi upana wa kifungo cha shati, kilichokauka kwa umri.

Mwongozo huu umetokana na kiputo kile. Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikenda na kurudi, na ikipungua ujue imetokea mahali. Ni kweli kwamba mipira ya mabomba hupitisha gramu chache mwaka hadi mwaka, kwa hiyo gari la miaka mingi ambalo halijaguswa kwa miaka sita au saba linaweza kupungukiwa bila kuwa na tundu la kutajwa. Lakini AC inayodai gesi kila msimu inavuja. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwenye AC hakuna anayepata nafuu: mafuta yanayolainisha kompresa hutoka pamoja na gesi, na kilo moja ya R-134a, gesi ya AC ya magari mengi, ikishaingia angani hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100.

Baridi inavyopatikana

Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, hubana gesi hadi iwe ya moto na yenye presha kubwa. Gesi hiyo huingia kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, ikapoa na kugeuka kimiminika. Hupita kwenye draya, kichupa chenye chembe za kunyonya unyevu, kisha hufika kwenye valvu ya kupanua, ambayo kimsingi ni kitundu chembamba. Ikivuka kitundu hicho presha hushuka ghafla. R-134a kwenye presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo inapoingia ivaporeta iliyo nyuma ya dashibodi huchemka kwa kunyonya joto la hewa inayopulizwa na feni. Hewa iliyonyang'anywa joto ndiyo inayokupiga usoni. Unyevu wake hugeuka matone kama jasho kwenye koili na kudondoka chini ya gari, na gesi hurudi kwenye kompresa kuanza safari upya.

Baadhi ya magari hayana valvu ya kupanua. Yana kijibomba chembamba kisichobadilika, na chombo chake cha kukausha kiko baada ya ivaporeta, kwenye bomba la kurudi. Kwa vyovyote vile, kumbuka hili: bomba nene lenye ubaridi ni upande wa presha ndogo, na bomba jembamba lenye joto ni upande wa presha kubwa. Hatari nyingi zinakaa upande huo wa pili.

Usiilaumu gesi kabla ya kukagua haya

Fungua boneti injini ikiwa imezimwa na imepoa. Mambo mengi yanayoitwa "gesi imeisha" hayahusu gesi hata kidogo.

Kama upepo unatoka kidogo lakini ni wa baridi, angalia chujio la hewa ya ndani, ambalo mara nyingi hukaa nyuma ya droo ya dashibodi. Nimeshawahi kulitoa moja likiwa limejaa majani makavu na manyoya hadi feni ilikuwa inapuliza bure. Magari mengi ya zamani hayakuwekewa chujio kabisa, na hapo uchafu wote huishia kwenye ivaporeta yenyewe. Feni ikifanya kazi kwenye namba ya juu tu na kugoma zile za chini, rezista yake imeungua.

Kama baridi inakuja ukiwa kwenye mwendo na kupotea kwenye foleni, tazama kondensa na feni yake. Washa injini na AC, uone kama feni ya kondensa inaanza kuzunguka. Mulika kati ya kondensa na rejeta: huko ndiko vumbi, wadudu na nyasi hujifungia bila kuonekana kutoka mbele. Osha kwa maji ya presha ndogo. Ile mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi ya alumini mara moja, na pezi lililolala halipitishi hewa. Yaliyokwisha kulala nyoosha kwa kitana chake, polepole, ukifuata mstari.

Kisha klachi ya kompresa. Mtu wa ndani abonyeze swichi ya AC huku wewe unasikiliza kutoka nje: unatakiwa kusikia "tak" moja safi, na bamba la mbele la kompresa lianze kuzunguka pamoja na puli. Lisipozunguka, anza na fyuzi na relei, kisha pima kwa mita kama umeme wa volti 12 unafika kwenye waya wa klachi. Umeme ukifika na klachi ikakaa kimya, kuna jambo moja ambalo mafundi wengi huliruka, nalo ni nafasi kati ya bamba na puli. Kwa kawaida huwa baina ya milimita 0.3 na 0.6. Bamba likilika nafasi hupanuka, na sumaku ikishapata moto inakosa nguvu ya kulivuta. Dalili yake haifichiki: AC inapoza vizuri dakika ishirini za kwanza, inakata, halafu inarudi injini ikipoa. Ingiza bamba za kupimia nafasi sehemu tatu kuzunguka duara. Ikiwa nafasi imezidi, kwenye kompresa nyingi unafungua nati moja ya katikati, unatoa bamba, na kupunguza washa nyembamba moja iliyo nyuma yake. Kompresa nzima huweza kutupwa kwa ajili ya washa hiyo moja.

Usisahau pia mlango mdogo wa ndani unaochanganya hewa ya moto na ya baridi. Ukikwama, au valvu ya hita ikibaki wazi, ivaporeta itapoza na hita itapasha kwa wakati mmoja. Shika mabomba mawili ya hita yanayoingia dashibodi: yote yakiwa ya moto sana huku umeweka baridi ya mwisho, na gari lako ni la aina inayofunga maji ya hita kwa valvu, umepata pa kuanzia.

Gari lako linatumia gesi gani

Magari yaliyotengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalitumia R-12, gesi iliyobainika kuharibu tabaka la ozoni na kuondolewa kwa hatua chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 viwanda vingi vilikuwa vimehamia R-134a. Magari mapya mengi ya miaka ya karibuni yanatumia R-1234yf, ambayo inaweza kushika moto kwa kiasi na ina vifaa vyake. Mwongozo huu unahusu R-134a, pamoja na yale ya R-12 yaliyobadilishwa.

Soma kibandiko chini ya boneti: kimeandikwa aina ya gesi, uzito wake kwa gramu, na mara nyingi aina ya mafuta. Kama kibandiko kimeng'oka, tazama viungio. Vya R-134a ni laini kwa nje na hushikwa na kapla ya kubana, kimoja cha milimita 13 upande wa presha ndogo na kimoja cha milimita 16 upande wa presha kubwa, ili usivikosee. Vya R-12 vina nyuzi za kufungia kama valvu ya tairi. Uzito, tafuta kwenye kitabu cha matengenezo cha modeli yako hasa. Usikubali kukisia.

Gari la R-12 haliwi la R-134a kwa kumwagiwa tu gesi mpya. Gesi ya zamani huondolewa kwa mashine ya kuikusanya, mafuta ya madini humwagwa na mfumo kusafishwa, draya na oringi hubadilishwa, huwekwa mafuta ya esta, hufungwa viungio vipya na kuandikwa kibandiko kipya. Uzito wa gesi huwa asilimia 80 hadi 90 ya ule wa R-12. Tarajia ubaridi upungue kidogo gari likisimama juani, kwa sababu kondensa yake haikuundwa kwa gesi hii.

Kuhusu gesi za magendo, nasema kwa msisitizo wote nilio nao. Mitungi mingine imeandikwa R-134a na ndani yake mna gesi ya jikoni, inayopoza vizuri hadi siku bomba litakapopasuka juu ya injini ya moto. Mingine huwa na R-40, yaani kloridi ya methili. Hii hushambulia alumini na kutengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na hewa. Mwaka 2011 makontena ya majokofu yaliyokuwa na gesi hiyo yalilipuka Vietnam na Brazili na kuua watu waliokuwa wakiyahudumia. Nunua mahali unapoweza kurudi na kuuliza, na mtungi ambao bei yake inashangaza uache ulipo.

Vifaa na usalama

Unahitaji geji za AC zenye mipira mitatu (bluu ya presha ndogo, nyekundu ya presha kubwa, njano ya katikati), pampu ya kuvuta hewa, mizani inayosoma gramu, kipimajoto chembamba cha kuchomeka kwenye tundu la hewa, miwani ya kinga inayofunika macho yote, na glavu nzito. Kimiminika cha R-134a kikigusa jicho huligandisha hapo hapo, kwa hiyo miwani huvaliwa kabla ya kofia ya kiungio kufunguliwa, si baada.

Fanya kazi panapopita hewa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini, kwenye shimo la gereji au uvunguni ulipolala. Ikikutana na moto au sigara hutoa moshi wa sumu. Na usiiachie angani. Nchi nyingi zimeharamisha jambo hilo kisheria. Ikiwa mfumo bado una gesi na kuna kiungo unachotaka kufungua, peleka gari kwa fundi mwenye mashine ya kukusanya, aivute na aipime. Uzito atakaokutajia ni habari muhimu, kwa sababu unakuonyesha ni kiasi gani kilikuwa kimepotea.

Kutafuta panapovuja

Hapa usiwe na haraka. Kazi yenyewe ya kujaza haizidi saa mbili, lakini kutafuta tundu kunaweza kukuchukua siku nzima, na siku hiyo haipotei.

Anza na macho. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo gesi inapotokea, mafuta huacha alama, na vumbi hunasa kwenye mafuta. Pita na tochi kwenye kila kiungo: bomba linapoingia kompresa, kondensa juu na chini, draya, valvu ya kupanua ukutani mwa injini, na mikunjo yote ambapo mpira umebanwa kwenye chuma. Tazama sehemu ya mbele ya kompresa nyuma ya klachi. Duara la mafuta lililorushwa kwenye boneti au kwenye vyuma vya jirani lina maana kwamba sili ya shafti imechoka. Angalia uso wa kondensa kwa alama za mawe. Kisha toa kofia za viungio viwili vya kujazia na uchungulie ndani. Zile sindano ndogo, zinazofanana na za tairi, ni miongoni mwa watuhumiwa wa mara kwa mara, na kofia zake si mapambo: zina mpira ndani na ndizo kizuizi cha pili.

Sasa pata presha ya kupimia. Unganisha geji injini ikiwa imezimwa na gari limekaa kivulini saa kadhaa. Mfumo wenye R-134a ya kimiminika ndani yake utaonyesha karibu psi (pauni kwa inchi ya mraba) 68 kwenye nyuzi 20, psi 82 kwenye 25, psi 97 kwenye 30 na psi 114 kwenye 35. Ikiwa chini sana ya hapo, gesi imekwisha au inakaribia. Lakini sikiliza vizuri: presha hiyo haikuambii ipo *kiasi gani*. Gramu 250 na gramu 700 husomeka sawa injini ikiwa imezimwa, mradi kimiminika kipo. Hilo ndilo kosa linalowafanya watu wengi wajaze kupita kiasi.

Povu ni la sabuni ya maji iliyochanganywa nzito, lipakwe kwa brashi laini, na upe kila kiungo dakika nzima. Tundu kubwa hufanya povu la haraka. Tundu dogo hutoa kiputo kimoja baada ya kingine, na ukiondoa macho mapema utaapa kuwa hapavuji. Upande wa presha kubwa ukague mara tu baada ya kuzima injini, presha ikiwa bado juu. Povu lisipoonyesha kitu, kuna rangi ya kumulika kwa taa ya zambarau: huingizwa kidogo pamoja na mafuta, gari likatumika siku kadhaa, kisha usiku ukapita na taa. Tundu hung'aa kijani-manjano. Ivaporeta haionekani, kwa hiyo mulika maji yanayodondoka kwenye bomba lake la kutolea, uone kama yamebeba rangi.

Ikiwa mfumo umebaki mtupu, jaribu kwa nitrojeni kavu kupitia kidhibiti presha, mfumo mzima hadi bar 10 hivi. Funga, andika somo, subiri saa kadhaa, linganisha. Kamwe usitumie oksijeni, na usitumie hewa ya kompresa ya gereji. Hewa huleta unyevu, na R-134a iliyochanganyika na hewa kwenye presha kubwa inaweza kuwaka.

Na zile dawa za kopo zinazodaiwa kuziba matundu zenyewe? Mimi siziweki kwenye gari la mtu yeyote. Nyingi huganda zikikutana na hewa au unyevu, na pahali pembamba kuliko pote ni valvu ya kupanua. Pia huharibu mashine za kukusanyia gesi, na mafundi wengi hukataa gari lililowekewa.

Kurekebisha

Kiungo kikishafunguliwa, oringi yake imekwisha kazi, weka mpya. Nunua zilizotengenezwa kwa R-134a na za vipimo sahihi, zipake mafuta ya kompresa kabla ya kuzivalisha, na kaza kwa spana mbili: moja ishike, nyingine izungushe, la sivyo utapinda bomba la alumini na kuanzisha tundu jipya. Kila bomba lililofunguliwa lizibe kwa plastiki safi papo hapo.

Badilisha draya kila unapobadilisha kompresa, na kila mfumo ulipokaa wazi au mtupu kwa siku nyingi. Chembe zake zikishashiba unyevu hazitemi kwa kuombwa. Mafuta nayo yana hesabu yake. Mfumo mzima wa gari dogo huwa na mililita 120 hadi 240, na kipande kipya huongezewa kiasi kilichotoka na kile cha zamani, kwa kawaida mililita 30 hivi kwa kondensa na 15 hadi 30 kwa draya. Mafuta ya kompresa za R-134a huitwa PAG, na PAG 46, PAG 100 na PAG 150 hazibadilishani, fuata kibandiko cha kompresa. PAG hunyonya unyevu wa hewa kwa kasi, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana usiitumie.

Kuvuta hewa

Unganisha mpira wa bluu na mwekundu kwenye viungio vyao, wa njano kwenye pampu. Fungua valvu zote mbili za geji, washa pampu. Lengo ni kushusha presha hadi maji yaliyojificha ndani yachemke kwa joto la kawaida na kutoka kama mvuke: kwenye nyuzi 25 hilo hutokea presha inaposhuka hadi karibu inchi 29 za vakyumu, yaani utupu. Ukiwa kwenye mwinuko wa mita 1,500, geji yako haitapita inchi 25, na hilo si kosa la pampu. Hewa ya huko ni nyepesi tangu mwanzo.

Acha pampu dakika 45. Kama mfumo ulikuwa wazi, acha saa moja na nusu. Kisha funga valvu zote mbili *kwanza*, ndipo uzime pampu. Kaa nusu saa bila kugusa kitu. Sindano ikipanda, ama unyevu bado upo, ama tundu bado lipo, na katika hali zote mbili hujafika kwenye gesi. Mara ngapi nimeona mtu akiitazama sindano ikipanda polepole, akasema "ni kidogo tu", akafungua mtungi!

Kujaza, hatua kwa hatua

1. Weka mtungi juu ya mizani, andika uzito. Hamishia mpira wa njano kwenye mtungi, valvu za geji zikiwa zimefungwa.

2. Fungua mtungi, kisha legeza kidogo sana upande wa mpira wa njano ulio kwenye geji, kwa sekunde moja, hewa ya ndani ya mpira itoke. Kaza. Ukiruka hatua hii utaingiza hewa uliyotumia saa nzima kuiondoa.

3. Injini ikiwa bado imezimwa, fungua valvu ya bluu. Vakyumu yenyewe itavuta sehemu ya kwanza ya gesi. Mizani ikisimama, funga.

4. Hakikisha valvu nyekundu imefungwa. Itabaki hivyo hadi mwisho. Ukiifungua injini ikiwa inaunguruma, presha kubwa itarudi kwenye mtungi, na mtungi unaweza kupasuka mkononi mwako.

5. Washa injini, AC kwenye baridi ya mwisho, feni namba ya juu, milango wazi, mizunguko kama 1,500 kwa dakika. Klachi isiposhika mara moja, ni swichi ya presha inayoilinda kompresa. Ongeza gesi kidogo na usubiri, usiunganishe waya za swichi hiyo kuidanganya.

6. Fungua valvu ya bluu kidogo kidogo, mtungi ukiwa wima ili uingie mvuke. Ukiupindua kitaingia kimiminika, na kompresa haiwezi kubana kimiminika. Mtungi utapoa hadi uote barafu na kuacha kutoa. Uweke wima kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40. Moto wa aina yoyote, hapana.

7. Simama mizani inapofikia gramu za kwenye kibandiko. Kama ni gramu 650, ni 650. Baridi haiongezeki kwa kuongeza "kidogo ya akiba". Gesi ikizidi, kondensa hujaa kimiminika, presha hupanda, baridi hupungua, na kompresa huanza kulia.

Wapo wanaoongezea kwa kopo lenye geji moja bila kuvuta wala kupima. Siipendi njia hiyo, kwa sababu hujui kilichobaki ndani ni gramu ngapi.

Kusoma geji baada ya kujaza

Siku ya nyuzi 30, mizunguko 1,500, upande wa presha ndogo huwa kati ya psi 25 na 45, na upande wa presha kubwa kati ya 175 na 250. Kipimajoto kwenye tundu la katikati kitulie baina ya nyuzi 5 na 10.

Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, umezidisha gesi, au umeacha hewa ndani, au kondensa haipozi: mwagia kondensa maji, na presha ikishuka haraka, tafuta tatizo kwenye feni au uchafu. Presha ndogo ikipanda na kubwa ikishuka hadi zinakaribiana, kompresa imechoka ndani, na hakuna gesi itakayoiponya. Presha ndogo ikizama kuelekea vakyumu, kuna kizuizi, mara nyingi kwenye valvu ya kupanua. Hilo likitokea baada ya dakika kadhaa za baridi nzuri na kujirekebisha ukizima kidogo, ni tone la maji linaloganda kwenye kile kitundu. Dawa yake ni draya mpya na kurudia kuvuta hewa tangu mwanzo.

Ukimaliza, rudisha kofia za viungio, kisha andika kwenye kibandiko chini ya boneti tarehe, aina ya gesi, gramu, na mafuta uliyotumia. Fundi wa baadaye, pengine wewe mwenyewe, atakushukuru.

Matunzo ya kila siku

Washa AC dakika kumi kila juma hata wakati wa baridi. Sili ya shafti huishi kwa mafuta, na mafuta huifikia kompresa inapozunguka tu. Gari lililolazwa miezi huamka likivuja. Dakika tano kabla ya kufika, zima AC na uache feni ipulize, ivaporeta ikauke. Ile harufu ya soksi zilizoloa ni kuvu waliomea kwenye unyevu. Zulia la upande wa abiria likilowa, bomba la kutolea maji limeziba, lizibue kwa waya laini usio na ncha.

Na weka kipimajoto ndani ya gari. Mara moja kwa mwezi, injini ikiwa imeshika joto, pima hewa ya tundu la katikati kwenye mzunguko uleule na namba ileile ya feni, uandike pamoja na joto la nje. Miezi kadhaa ya nyuzi 7, kisha 9, kisha 12 siku zenye joto linalofanana, chukua tochi na kitambaa cheupe uanze kwenye viungo vya kondensa.